Kipimo Bila Mshauri ni Mzigo

(Haya ni mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa.)



Leo nataka tuzungumzie namba mbili. Ya kwanza ni 31 na ya pili ni 505. Katika miaka ya 2015 na 2016, wataalamu wa Dar es Salaam walipima damu ya watoto wachanga 3,981 ili kujua ni wangapi waliozaliwa na ugonjwa wa selimundu, huu ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Waliokutwa na ugonjwa walikuwa 31. Waliokutwa hawaumwi, lakini wamerithi kinasaba kimoja cha ugonjwa huo kutoka kwa baba au kwa mama, walikuwa 505.

Wale 31, njia yao inajulikana. Huandikishwa kliniki, hupewa penisilini ya kuwakinga na vijidudu, hupata chanjo zao, na umri ukiruhusu huanzishiwa dawa ya haidroksiyurea. Si njia rahisi, na wazazi wanaoipita wanajua machozi yake, lakini daktari wa watoto na muuguzi wanajua la kufanya.

Wale 505 hawahitaji hata kidonge kimoja. Wanachohitaji ni mtu wa kukaa chini na wazazi wao, awaeleze kwa utulivu karatasi ile ina maana gani, na haina maana gani. Mtu huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia leo. Ni haba mno katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Tena haoti mwenyewe kama uyoga baada ya mvua. Hapana budi afundishwe.

Tuanze na jambo lenyewe. Kila mmoja wetu hurithi maelekezo mawili ya kutengeneza himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa mwilini. Elekezo moja hutoka kwa baba, la pili hutoka kwa mama. La kawaida wataalamu huliandika kwa herufi A, na lile la selimundu kwa herufi S. Mwenye A mbili hana habari na ugonjwa huu. Mwenye A moja na S moja ana afya yake, analima, anacheza mpira, anazaa, na huenda akafikisha miaka 80 bila kujua. Mwenye S mbili ndiye mgonjwa: seli zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu, hunasa katika mishipa midogo, huleta maumivu makali, na hufa mapema zikamwacha na upungufu wa damu.

Inakadiriwa kwamba nchini Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa kabisa duniani. Wagonjwa ni wengi, lakini wenye A na S ni wengi zaidi. Kwa hesabu ya wale watoto wa Dar es Salaam, ni karibu mtu mmoja katika kila wanane. Ukipanda daladala asubuhi, huenda mmoja wao amekaa kiti cha mbele yako. Huenda ni wewe.

Mwanamume wa A na S akioana na mwanamke wa A na S, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Maneno haya ni mafupi, lakini ndiyo yanayoeleweka vibaya kuliko yote. Nimewasikia wazazi wakisema: "Tumekwisha kupata mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa salama." Wengine wamepata watatu wazima, wakaona hesabu imekwisha, wa nne wakamngoja kwa hofu. Hesabu haiendi hivyo. Chukua sarafu mbili za shilingi mia, moja iwe ya baba na moja ya mama, uzirushe pamoja. Upande mmoja uite A na wa pili uite S. Mara nyingine utarusha mara kumi usione S mbili, na mara nyingine S mbili zitatokea mara mbili mfululizo. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana, na mimba nayo haikumbuki.

Mnaona, ndugu wasikilizaji, kwamba kulieleza jambo hili kwa haki kunahitaji dakika nyingi, subira na ufundi. Sasa niwaambie kinachotokea mahali pasipo na ufundi huo.

Kijana mmoja wa ukoo wetu alipima damu akijiandaa kuoa. Sitaitaja hospitali. Alipewa karatasi yenye herufi A na S kupitia dirishani, na aliyempa, huku akimwita mwingine katika foleni, akamwambia: "Wewe una sikoseli." Basi. Kijana akarudi nyumbani akiwa mgonjwa ambaye hajawahi kuugua. Akaacha mpira. Wazee wa upande wa binti waliposikia, wakasema hawawezi kumtoa mtoto wao kwa mtu mwenye damu mbovu, posa ikarudishwa. Katika shughuli yote hiyo hakuna aliyefikiri kumpima binti. Kama angekutwa na A mbili, wasingeweza kupata mtoto hata mmoja wa S mbili. Uchumba ulivunjwa na herufi mbili ambazo hakuna aliyezisoma mpaka mwisho.

Maabara haikukosea. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni mtu aliyefundishwa kukitamka.

Haya si matatizo yetu peke yetu, wala si sisi wa kwanza kuyapata. Marekani iliyapitia miaka zaidi ya hamsini iliyopita, na kisa chake kinafaa tukijue. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vuguvugu la kupima selimundu lilienea kwa haraka miongoni mwa Wamarekani weusi. Majimbo kadhaa yalitunga sheria za kulazimisha kipimo, kwa watoto wanaoanza shule au kwa wachumba. Nia ilikuwa njema. Lakini sheria zilitangulia, washauri wakabaki nyuma. Watu wenye A na S wakachanganywa na wagonjwa, wengine wakanyimwa kazi, wengine wakatozwa zaidi na mashirika ya bima. Chuo cha jeshi la anga cha nchi hiyo kiliwakataa vijana wenye A na S mpaka mwaka 1981. Sheria ya taifa ya kudhibiti selimundu iliyotiwa saini mwaka 1972 ilikuja na sharti kwamba kupima kuwe kwa hiari, na kuende pamoja na ushauri.

Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imeanza kuwafundisha washauri wenyewe. Jina la kazi hii, ambalo sisi tunalifasiri ushauri nasaha wa kijenetiki, lilitolewa mwaka 1947 na Sheldon Reed, mtaalamu wa elimu ya urithi katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Alitaka jina jipya kwa sababu elimu ya urithi ilikuwa imechafuliwa. Jimbo la Indiana lilipitisha mwaka 1907 sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu walioitwa hawafai kuzaa. Ujerumani ya Hitler ikafanya hivyo mwaka 1933 kwa kiwango cha kutisha. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kazi hii mpaka leo ni kwamba mshauri haamui. Hamwambii mtu aoe au asioe, azae au asizae. Anaeleza, anasikiliza, anajibu, na uamuzi unabaki kwa wenye nyumba.

Mwaka 1969 Melissa Richter alianzisha mafunzo ya kwanza ya shahada ya uzamili kwa kazi hii katika Chuo cha Sarah Lawrence, karibu na jiji la New York, na wahitimu wa kwanza wakatoka mwaka 1971. Leo Marekani ina washauri wenye cheti zaidi ya 5,000. Hapa Afrika, Afrika Kusini ndiyo iliyotangulia: Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Johannesburg kilianza kufundisha shahada hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, na Cape Town ikafuata baadaye.

Wanafundishwa nini hasa? Kwa kawaida masomo huchukua miaka miwili. Darasani kuna elimu ya vinasaba, hesabu za uwezekano, magonjwa ya kurithi, saikolojia na maadili. Hujifunza kuchora ramani ya ukoo ya vizazi vitatu: mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, aliyeugua hupakwa wino. Lakini nusu ya pili ya mafunzo, na mimi naiona ndiyo nusu nzito, iko kliniki. Mwanafunzi huketi mbele ya familia hai, na mwalimu wake yupo pembeni akimsikiliza. Huko Marekani hahitimu mpaka awe ameshiriki mwenyewe katika angalau mashauri 50 ya aina mbalimbali: mama mjamzito, mtoto mwenye ulemavu, mtu ambaye saratani ya matiti imepita katika ukoo wake. Hujifunza kutamka habari mbaya bila kuikimbiza. Hujifunza kunyamaza pale mama anapolia, asiuzibe ukimya ule kwa maneno ya kitabuni.

Pamoja na mshauri yuko daktari bingwa wa jenetiki. Huyu ni daktari aliyekwisha hitimu, kisha akafanya kazi hospitalini chini ya usimamizi, akaongeza miaka miwili ya kujifunza jenetiki kwa vitendo wodini, kliniki na maabara. Wapo wanaounganisha ubingwa huo na ule wa watoto kwa miaka minne. Daktari huyu ndiye anayetambua ugonjwa adimu ambao wengine wameupa majina kumi. Mshauri ndiye anayeifanya familia ielewe na iweze kuishi nao. Mwaka 1991 jenetiki ya tiba ilipokubaliwa Marekani kuwa fani kamili ya ubingwa wa udaktari, washauri wasio na udaktari hawakuweza kubaki chini ya bodi ile ile. Mwaka 1993 wakaunda bodi yao wenyewe ya mitihani. Wengine waliona ni kufukuzwa. Mimi naona ndipo kazi yao ilipopata miguu yake.

Sasa turudi kwetu. Siombi tuinakili Marekani. Mshauri aliyefundishwa New York akaletwa kama alivyo mpaka Tandahimba au Sengerema ataanguka siku ya kwanza, na sababu moja kubwa ni lugha. Tazameni neno tunalolitumia kwa mtu wa A na S: tunamwita mbebaji wa ugonjwa. Mtaalamu ana maana nzuri. Lakini mwananchi aliyelelewa katika miaka ya UKIMWI akiambiwa ni mbebaji wa ugonjwa anasikia mambo mawili, kwamba anaumwa na kwamba anaambukiza. Yote mawili ni uongo. Mshauri wetu angefundishwa kusema: "Una kinasaba kimoja cha selimundu. Huumwi. Humwambukizi mtu. Kuna jambo moja tu la kujua, nalo linahusu mwenzako utakayezaa naye." Sentensi hizi nne zinaonekana nyepesi. Kama zingesemwa kupitia lile dirisha, kijana wetu angeoa.

Kadhalika ramani ya ukoo. Kwetu baba mdogo ni baba, mtoto wa mama mkubwa ni ndugu, na mtu anaweza kukuhesabia kaka kumi na mbili bila kusema uongo. Mshauri asiyejua kuuliza "huyu mmezaliwa tumbo moja?" atachora ramani ya ajabu. Katika baadhi ya koo za mwambao na bara, binamu huoana, na jambo hilo huongeza nafasi ya vinasaba viwili vya aina moja kukutana. Mshauri aliyefundwa anajua kulieleza hilo bila kuitukana mila ya watu mbele yao.

Tena kuna siri. Mtoto amekutwa na S mbili, mama ana A na S, baba amepima ana A mbili. Huenda maabara imechanganya chupa. Huenda kuna kinasaba cha aina nyingine ambacho kipimo hakikukionyesha. Na huenda ni jambo la ndani ya nyumba. Mwambie nani kwanza? Umwambie nini? Mume yuko mlangoni anangoja majibu. Huyu aliyeketi mezani hana budi awe amekwisha kulipitia jambo kama hilo na mwalimu wake kabla hajakutana nalo peke yake. Neno moja ovyo hapo linaweza kumtoa mama nje ya nyumba yake na mtoto mgonjwa mgongoni.

Na mama ndiye anayelaumiwa hata pasipo na siri yoyote. Watasema damu ya kwao ni mbaya, watasema karogwa, watasema kwao kuna mkosi. Elimu inasema mtoto wa S mbili amepata moja kwa baba na moja kwa mama, sawa kwa sawa. Mshauri ana jambo lingine la kuiambia familia hiyo, nalo limetoka hapa hapa kwetu. Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alichukua damu za watu wa Kenya mwaka 1949 akaona kinasaba hiki kimejaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni haba nyanda za juu. Mwaka 1954 akaandika sababu yake: wenye A na S hustahimili malaria kali kuliko wengine. Kwa maneno mengine, kinasaba hiki kimedumu kwetu kwa kuwa kiliwaokoa mababu zetu wasife na malaria. Hakuna laana hapo. Familia inayotoka kliniki na habari hiyo haitoki ikiwa imeinamisha kichwa.

Siku hizi husikika maoni kwamba kipimo kiwe cha lazima kabla ya ndoa, na kwamba padri, mchungaji au shehe asifungishe ndoa bila cheti. Nawaelewa wanaosema hivyo. Wamewaona watoto wakilia usiku kwa maumivu. Lakini na tuitazame Saudi Arabia, ambayo iliweka sharti la kipimo cha wachumba mwaka 2004 kwa ajili ya selimundu na thalasemia, bila kuwakataza kuoana wakitaka. Mwaka ule wa kwanza, kati ya wachumba waliokutwa wote wawili wana vinasaba hivyo, walioghairi ndoa kwa hiari walikuwa asilimia 9.2. Mwaka 2009 walikuwa asilimia 51.9. Cheti kilikuwa kile kile. Mimi nasoma hivi: karatasi ilifika siku moja, lakini uelewa ulichukua miaka. Wala sisemi kwamba kuvunja uchumba ndio ushindi. Wapo watakaooana wakijua, wakajiandaa, wakampima mtoto siku anapozaliwa na kumwanzishia kliniki mapema. Huo nao ni uamuzi wa watu wazima. Kisichofaa ni kulijua jambo wakati mahari imekwisha kutolewa, kadi zimegawiwa na kamati imekodi ukumbi, kisha pasiwe na hata mtu mmoja wa kuwaeleza.

Jambo hili linazidi kuwa la haraka kwa sababu vipimo vinashuka bei na kuwa vyepesi. Sasa vipo vinavyotumia tone moja la damu na kutoa jibu kabla ya nusu saa, bila umeme wala maabara kubwa. Ni habari njema kabisa. Lakini kila boksi la vipimo hivyo linalofunguliwa zahanati litatoa watu wengi wa A na S kwa kila mgonjwa mmoja, kama ilivyokuwa Dar es Salaam. Tusipowaandaa watu wa kusema nao, tutakuwa tunagawa hofu kwa rejareja.

Wapo watakaoniuliza: "Bwana, tuna malaria, tuna vifo vya wajawazito, tuna zahanati zisizo na maji. Jenetiki si anasa ya matajiri?" Swali ni la haki. Naam, kuna sehemu ya jenetiki ambayo kwa sasa ni ya matajiri. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani zilikubali tiba ya kurekebisha vinasaba vya mgonjwa wa selimundu, na bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hatuwezi kungoja hiyo. Lakini mshauri hana mashine. Vifaa vyake ni chumba chenye mlango unaofungwa, viti vitatu, karatasi na kalamu, na muda. Katika fani nzima ya jenetiki, sehemu hii ndiyo nafuu kuliko zote.

Tena tumekwisha kufanya kazi ya namna hii. UKIMWI ulipotutikisa, tulijifunza kwa uchungu kwamba kumpima mtu na kumtupia jibu ni kumsukuma shimoni. Vituo vya Angaza vilipoanza mwaka 2001, kila mtu alijua utaratibu: ushauri kabla ya kupima, na ushauri baada ya kupima. Neno ushauri nasaha liliingia mpaka katika mazungumzo ya sokoni. Hatukungoja kila mshauri awe na shahada ya pili. Wauguzi na watu wengine wenye moyo wa kusikiliza walipewa mafunzo mafupi, wakasimamiwa, wakaanza kazi. Msingi huo ungalipo.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. La kwanza, vyuo vyetu vikuu vya tiba vifundishe washauri wachache kwa kiwango cha uzamili, pamoja na madaktari bingwa wa jenetiki, ili wawe walimu wa wengine. Wachache hao wakae katika hospitali za rufaa na kliniki za selimundu. La pili, wauguzi, wakunga na matabibu wafundishwe vyuoni, kwa mazoezi wala si kwa mhadhara mmoja, namna ya kutoa jibu la A na S. Wasiwe wataalamu wa kila kitu; wajue sentensi zile nne, na wajue ni nani wa kumpelekea familia wakikwama. La tatu, viongozi wa dini, makungwi na walimu wa sekondari wapewe maarifa haya, ili kijana ajue hali yake kabla hajatuma mshenga, si wiki ya harusi.

La nne ni kavu lakini lisiposhughulikiwa mengine yote yatakuwa bure. Iwekwe nafasi ya mshauri huyu katika muundo wa utumishi, yenye jina, ngazi na mshahara. Tumewaona vijana wengi wakisomeshwa ujuzi mpya kwa gharama, wakarudi, ikama ikawa haiwatambui, wakapangwa stoo ya dawa au wakaondoka nchini. Huwezi kumfundisha mtu kazi ambayo haipo katika daftari la mwajiri.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni ile nafasi kati ya dirisha la maabara na mlango wa nyumbani. Hapo ndipo mtu anapotembea na karatasi mkononi, na hapo ndipo anapoamua, peke yake na kwa maneno aliyookota njiani, kama ataoa, kama atamwacha mkewe, kama atampeleka mtoto kliniki au kwa mganga.

Ninyi vijana ambao hamjachumbia, pimeni, na mkipewa karatasi msiondoke dirishani kabla hamjauliza. Kuuliza si ujinga. Ulizeni mara mbili, na ombeni mtu wa kukaa nanyi chini. Ninyi wazazi wa upande wa binti na wa upande wa kijana, msirudishe posa kwa herufi moja. Herufi ni mbili kwa kila mtu, na watu ni wawili. Na ninyi mnaopanga bajeti na mitaala, mnapoandika hesabu ya vipimo vya mwaka ujao, chini yake ongezeni mstari mmoja wa watu watakaofundishwa kuyasema majibu yake. Mkinunua vipimo elfu kumi bila kufundisha hata mshauri mmoja, mtakuwa mmenunua nusu ya kitu.